Mzigo Mzuri Haujibu

Mume wangu hafungi vikombe, anavivisha. Kikombe kimoja cha udongo, cha kunywea chai tu, kinavaa karatasi, juu ya karatasi plastiki yenye viputo, juu ya viputo sponji, kisha kinaingia kwenye boksi lake peke yake. Boksi hilo nalo linatumbukizwa kwenye boksi kubwa zaidi, lililojazwa vipande vya ile plastiki nyeupe nyepesi inayotia meno ganzi ukiisugua. Halafu selotepu. Selotepu mpaka boksi linang'aa. Ukimpa mtu kikombe chetu asubuhi, chai ataanza kuinywa jioni.

Mfinyanzi ni mimi. Nafinyanga kwenye chumba cha nyuma, penye gurudumu langu, rafu za kukaushia na tanuri la umeme ambalo watoto wetu walinichangia. Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha vioo, upande wa kufungasha, tangu hajaota ndevu mpaka walipomwambia mzee, umefanya kazi ya kutosha, nenda kapumzike. Akaja kupumzika. Alipumzika kwenye kiti cha dirishani, ovaroli yake ya bluu ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, naye amekaa kama mzigo ambao mwenyewe hakuja kuuchukua. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alilala, na ukimuuliza jambo alisema "sawa tu." Niliogopa ile "sawa tu" kuliko nilivyowahi kuogopa homa ya mtoto.

Kilichomnyanyua ni vikombe vya mgahawa. Nilikuwa navifunga kwa magazeti, haraka haraka, mikono ina udongo, nikasikia sauti nyuma yangu: "Hivyo vitafika vigae." Nikageuka, kiti kitupu. Akanisukuma kwa bega, taratibu, kama unavyomsogeza mtu jikoni, akashika kazi. Tangu siku hiyo alikuwa na mahali pa kwenda asubuhi, hata kama mahali penyewe ni ushoroba wa nyumba yetu. Alianza kupiga mluzi. Alianza tena kunitania kwamba natembea kama bata. Nilimpata mume wangu kwa mara ya pili, na safari hii bila posa.

Kiwandani walimfundisha jambo moja ambalo hakuliacha. Mzigo ukishafungwa anaunyanyua mpaka usawa wa goti, anauachia uanguke kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Kisha anapiga magoti, anauwekea sikio na kuutikisa polepole. Kukigonga kitu ndani, anafungua na kuanza upya. Kukiwa kimya anasimama, anajifuta magoti na kusema, "Mzigo mzuri haujibu." Hapo ndipo anapotoa chaki mfukoni na kuuwekea alama ya vema. Mara ya kwanza kuona vikombe vyangu vikiangushwa kwa makusudi nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Baadaye nilizoea, na nikajua kwamba alama ile ya chaki ni kiapo.

Mwanzoni mizigo yake ilikuwa ya watu wenye akili timamu. Sijui tabaka la kwanza la ziada liliingia lini. Niliona tu ushoroba unapungua. Alipita kwenye maduka ya friji na televisheni akiomba plastiki zao, akazirundika mpaka kwenda bafuni ikabidi tupite ubavu ubavu. Nikimwambia mbona tumezidisha, anaendelea kuvuta selotepu. Nikasema uzee huo, utapita. Kana kwamba uzee una tabia ya kupita.

Mteja wetu mkubwa ni mwanamke tunayemwita Mama Chai, mwenye mgahawa ng'ambo ya soko. Vikombe vyangu anavipenda kwa sababu vinashika joto. Vinavunjika mikononi mwa wateja wake kama kawaida ya vikombe, naye anaagiza vingine, na hivyo ndivyo tanuri langu linavyowaka. Siku hiyo gari lake lilisimama mlangoni, likiendeshwa na Breki, dereva ambaye mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu hizo breki hana. Alishusha gunia moja, akashusha la pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii nini tena?"

"Mali yenu, mama. Bosi amesema aliagiza vikombe, hakuagiza godoro."

Nilitaka kumjibu, lakini Mama Chai mwenyewe alikuwa anashuka upande wa pili, amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini. Mwanamke yule huwa havai kitu kisicho na kisigino.

"Dada yangu," alisema, "nisamehe kuja hivi. Nimetoka kuzibua mtaro nyuma ya jiko langu. Unajua nimetoa nini humo? Viputo vyenu. Mvua ya juzi imeingiza maji mpaka stoo ya unga. Wazoa taka wamekataa kuvibeba, nikavichoma, moshi ukawafukuza wateja. Nifanye nini, nivile?"

Ndani mume wangu alikuwa anapiga mluzi, na redio imefunguliwa mpaka mwisho. Hakutoka hata kusalimia. Nikaona haya kwa niaba yake.

"Nafungua ghorofa ya juu," Mama Chai aliendelea, sasa kwa upole. "Nataka vikombe vya ukumbi mzima, na nataka vyako. Ila vikija na sherehe hii ya plastiki, wallahi nitanunua vya kiwandani. Nakwambia wewe kwa sababu nakupenda."

Walipoondoka niliingia ushorobani. Mume wangu ameinama juu ya meza, ananipa mgongo, selotepu inalia kama bata. Nikauambia ule mgongo kila kitu: mtaro, unga, moshi, ghorofa. Nikauambia kwa upole kwanza, kisha bila upole. Mgongo haukugeuka. Mkono ukachukua sponji nyingine.

"Sikio la kufa halisikii dawa!" nikapiga kelele, nikaondoka na kuubamiza mlango.

Tukanuniana. Tulikula tukitazamana na sahani. Binti yetu alipopiga simu nilimweleza, naye akanipa jibu jepesi kama wafanyavyo walio mbali: "Mama, si ufunge mwenyewe tu? Baba apumzike." Nikamwambia asirudie neno hilo. Hakulijua lile neno, hakukiona kile kiti. Nikimwacha baba yake aendelee, tunampoteza mteja. Nikimnyang'anya kazi, nampoteza yeye, na wateja hutafutwa wengine lakini mume wangu ningemtafuta wapi? Nilitembea na swali hilo kutwa nzima. Nilifinyanga mabakuli yakaja mapana kama karai.

Mwisho niliamua kumwonyesha kwa vitendo. Nilichukua boksi moja, nikapanga vikombe ndani kwa magazeti matupu, karatasi moja kwa kila kikombe, nikafunga kwa kamba ya katani. Nilikuwa na hasira na hasira si fundi, lakini boksi lilipendeza. Nikampelekea, nikaliweka mbele yake ili aone uso wangu vizuri.

"Haya. Nimefunga mimi. Liangushe."

Aliligeuza, akaichezea kamba kwa kidole. "Hili?"

"Hilo. Likijibu, nafunga mdomo wangu."

Alilibeba mpaka mlangoni. Mimi nilibaki mwisho wa ushoroba, karibu na chumba cha tanuri. Akalinyanyua mpaka gotini, akaliachia.

Nilisikia mpaka kule nilikokuwa. Kwanza mlio mmoja mkavu, halafu vigae vikimwagika. Nikauma midomo, nikisubiri anigeukie na ushindi wake. Alipiga magoti. Akaweka sikio. Akatikisa, na ndani mle vigae vikalia kama kopo la misumari. Akatikisa tena. Kisha akasimama, akajifuta magoti, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli.

"Haujibu," alisema. "Mke wangu, umefunga vizuri kuliko nilivyodhani."

Akaingiza mkono mfukoni kutafuta chaki.

Nilidhani ananikejeli. Nilikuwa tayari na la kumrudishia, limeshafika kwenye ulimi. Lakini namjua akitania, jicho lake la kushoto hujikunja, na jicho halikujikunja. Alikuwa amekwisha inama kuweka alama ya vema juu ya boksi la vigae. Akanitazama aone kama nimefurahi. Sijui uso wangu ulikuwaje. Chaki ikasimama hewani.

"Umejibu?" aliuliza.

"Umejibu."

"Sana?"

"Vimevunjika, baba watoto. Zaidi ya kimoja."

Aliketi kwenye kizingiti palepale, boksi pembeni yake. Nilienda nikazima redio, na ndipo nilipojua ilivyokuwa inapiga kelele, kwa sababu nyumba nzima ilitulia na yeye hakugeuza hata shingo. Nikaketi karibu naye. Akanyanyuka, akazunguka, akaketi upande wangu wa pili.

"Sikio la kulia lilikufa zamani," alisema. "Mashine za kiwandani. Hili la kushoto lilikuwa linaniaga kidogo kidogo. Sasa kila mzigo ninaousikiliza umenyamaza. Wote. Hata ule ninaojua nimeukosea, nao umenyamaza. Nitajuaje? Naongeza tabaka. Nikilala nawaza pengine halitoshi, nikiamka naongeza jingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mfungashaji asiyesikia ni wa kazi gani? Ungeniambia nikapumzike." Alikuwa anaichuna ile kamba ya katani kwa ukucha. "Wale waliniambia, nikavumilia. Wewe ukiniambia sijui ningeenda wapi."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nililia kwa ajili ya mluzi wake, ambao kumbe yeye mwenyewe alikuwa haupati vizuri, na kwa ajili ya mgongo ule niliousemesha nikadhani una kiburi. Na nikakumbuka nilichoutupia.

"Lile neno," nilisema, nimemsogelea sikio la kushoto. "La sikio la kufa. Nisamehe. Afadhali hukulisikia."

"Lile nililisikia," alisema. "Matusi yako yanapita ukutani." Na jicho la kushoto likajikunja.

Tulibaki pale kizingitini mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Nilimwambia masikio ninayo mawili, na siku hizi mengi ninayoyasikia si ya maana, basi moja nampa yeye. Afunge, mimi nitasikiliza. Alikataa kwanza, akasema kazi ya mtu haikopwi. Nikamwambia mfinyanzi hulia gaeni, na mimi nimechoka kulia gaeni, nataka vikombe vyangu vifike. Hapo akacheka, akafungua boksi langu, akatazama vile vigae kwa muda mrefu.

"Hukukosea nguo," alisema. "Umekosea nafasi. Ona hapa, na hapa. Kitu hakivunjiki kwa kukosa nguo, kinavunjika kwa kupata nafasi ya kutembea." Kisha, polepole, kama mtu anayekuta ufunguo kwenye koti la zamani: "Na mimi nilikuwa najua hilo kabla plastiki haijaja."

Akaanza kuranda mbao za kitanda kilichovunjika. Alitengeneza sanduku lenye vyumba, kila kikombe na chumba chake, kimeinama mdomo chini, mkono wake umeingia kwenye mfuo ili usiguse ubao. Alikuja kunipima vikombe kwa uzi nikiwa kwenye gurudumu. Akaniomba nisivinenepeshe vingine na kuvikondesha vingine, kwa sababu chumba cha mwembamba hakimfai mnene. Nilinuna kidogo, mkono wangu huu haujawahi kupangiwa, lakini nilivipima. Haikuwa haki mtu mmoja tu apunguze.

Ilibaki bitana. Maranda yangemwagika kwa Mama Chai, tukarudi palepale. Tulitaka kitu kinachokwenda na kurudi, kama sanduku lenyewe. Mama Chai alikubali kwenye simu mara moja: "Sanduku likija na vikombe, litarudi na matambara yake, nitayafua mwenyewe." Nikakata mashuka ya zamani, nikakata gauni nililokuwa najidanganya kwamba litanienea tena. Hayakutosha. Nikasema kesho nitaomba kwa jirani.

Asubuhi nilipokwenda kufungua mlango niliona msumari mtupu. Ovaroli haikuwepo. Yeye alikuwa mezani, mkasi mkononi, amekwisha kata mguu mmoja na anaanza wa pili. Vipande vya bluu vimepangwa kwa urefu. Mfuko wa kifuani, wenye nembo ya kiwanda iliyofifia, alikuwa ameushona kwenye kona ya sanduku.

"Ni kitambaa kizuri," alisema kabla sijauliza. "Kizito. Kilikuwa kinakaa bure."

Nilimwekea chai.

Siku ya kupeleka, Breki alifika anapiga honi, ana haraka kama kawaida, akasimama mlangoni akiangalia sanduku kama anaangalia mtu aliyetoka nje bila shati. Hakukuwa na kiputo hata kimoja. Mume wangu alilinyanyua mpaka gotini. Breki akafumba macho. Likaanguka.

Nikapiga magoti. Nikaweka sikio kwenye ubao. Mume wangu alisimama mbele yangu, na niliona kwamba hatazami sanduku, anatazama uso wangu, kwa umakini uleule aliokuwa akiyapa maboksi. Nikatikisa polepole. Kimya. Nikatikisa upande wa pili.

Kikasikika kitu kidogo sana, kwenye kona. Ki. Basi.

"Hapo pako sawa, mama," alisema Breki. "Kumenyamaza. Twende, bosi ananingoja."

Nami nilitaka kusema kumenyamaza. Mume wangu alikuwa ameinamia sanduku lile siku nyingi, mgongo unamuuma, na kwa jinsi uso wake ulivyokuwa unaningoja ningeweza kumfurahisha kwa kutikisa kichwa tu. Pengine kikombe kingefika salama. Lakini niliona wazi: nikimdanganya kwa huruma leo, kesho uso wangu utakuwa kwake kama yale maboksi, umenyamaza kila siku, na yeye hajui kama ni kweli. Angerudi kuongeza matabaka. Au angerudi kwenye kiti.

"Umejibu," nilimwambia, nikamwonyesha kona.

Breki akashika kichwa. Mume wangu hakukunja hata uso. Alifungua, akaingiza vidole, akakipata kikombe ambacho mkono wake ulikuwa unabusu ubao. Kizima. Akatoa mfukoni kola ya ovaroli, kipande cha mwisho, akaikunja mara mbili na kuipachika pale. Akafunga. Akanyanyua. Likaanguka tena.

Nilisikiliza kila upande. Nilisikiliza mpaka magoti yakalalamika.

"Umenyamaza," nilisema.

Hakusogea. Nilikuwa nimesahau, bado nimelielekea sanduku, maneno yangu yaliishia kwenye ubao.

"Mzee," Breki alimwambia, "si mama amesema..."

Mume wangu akamgeukia. Nilijua anachotaka kufanya, kwa sababu alivuta pumzi kama anayenyanyua kitu kizito. Ni jambo ambalo alikuwa amelifunga kwa matabaka mengi kuliko kikombe chochote.

"Bwana Breki, mimi sisikii vizuri," alisema, kwa sauti ya kawaida, mlango uko wazi na watu wanapita. "Sikio langu ni huyu hapa. Ukinisemesha, nisemeshe ninakuona."

Breki akavua kofia. Sijui kwa nini, nadhani hakujua afanye nini na mikono. Nami nikainua uso, nikamtazama mume wangu, nikapaza sauti yote niliyopewa na mama yangu:

"UMENYAMAZA!"

Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama. Mume wangu akacheka, akatoa chaki, akaweka alama ya vema kwenye ubao. Halafu, kabla sijasimama, akainama akaniwekea nyingine shavuni.

"Mzigo mzuri haujibu," nilimwambia, taratibu, midomo yangu aione. "Na mimi najibu sana."

"Jibu," alisema, akinishika mkono kuninyanyua. "Jibu kwa sauti."